Wazazi wa Mtwara na Lindi, msimu huu wa korosho jioni mnapika nini na mnakula saa ngapi?

BintiMagomeni
Jumamosi saa 2:10 usiku

Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo kabla sijachizika. Mi niko Mtwara mjini, nafundisha shule ya msingi, nina watoto watatu. Mkubwa yuko kidato cha pili, mwezi ujao ana mtihani wa upimaji kwa iyo wanabakishwa masomo ya jioni mpaka saa 12 kasoro, wa kati akitoka shule anapitiliza madrasa, mdogo ana miaka mitano yuko awali. Baba yao dereva wa lori na mnajua minada ikishafunguliwa mambo yanavyokuwa, leo Tandahimba kesho Newala, akishusha mzigo ghalani anaweza kuingia nyumbani saa 2 usiku au saa 8 usiku, hata yeye mwenyewe hajui.

Sasa Jumanne ilopita nimetoka kazini saa 10 na nusu nikapita sokoni nikaona mbaazi nzuri, nikasema leo napika mbaazi za nazi watoto wanazipenda. Sijaloweka wala nini. Nimebandika saa 12 kasoro kwenye mkaa, saa 2 ziko ngumu kama kokoto, naongeza maji, naongeza mkaa, napepea, saa 3 kasoro ndo zinaanza kulainika na nazi hata sijakuna. Nageuka namwona mdogo kalala kwenye mkeka na sare yake ya shule, kijiko mkononi, sahani tupu iko mbele yake. Alikuwa ashajiwekea sahani mwenyewe anasubiri. Aisee nililia.

Jumatano nikanunua chipsi mayai, Alhamisi chipsi mayai tena, Ijumaa nikamtuma mkubwa chapati na maharage kwa mama mmoja jirani. Kupiga hesabu siku tatu zimeondoka elfu 31 na mia tano kwa chakula cha usiku tu, na yale mafuta ya chipsi mnayajua yalivyo meusi.

Dada wa kazi kwa sasa sitaki, nina sababu zangu. Nina friji dogo, jiko la gesi la pleti mbili na mtungi mdogo, na mkaa. Wenzangu mnafanyaje jamani?

Kijana_wa_Ligula
Jumamosi saa 2:16 usiku

Nimekaa pale nasubiri wamama waje. Ila chipsi mayai umeionea bibie, imelea wengi sana humu ndani.

BiShangani
Jumamosi saa 2:41 usiku

Mwanangu pole sana, na hako kajukuu kangu kalikolala na kijiko nipelekee salamu.

Sasa nisikilize. Mbaazi hazina kosa, we ulitaka kazi ya saa tatu uifanye kwa saa moja na nusu. Saivi ndo mbaazi zimetoka shamba zimekauka, bei iko chini, nunua hata kilo mbili. Usiku wa leo kabla hujalala loweka kilo moja. Kesho asubuhi mwaga yale maji, tia mengine, bandika kilo yote kwa pamoja maana moto wa kuivisha kilo na wa kuivisha nusu kilo hautofautiani kivile. Ziive ziwe laini ila zisipondeke. Usitie chumvi, usitie kitunguu, USITIE NAZI. Epua, zikipoa gawa kwenye makopo matatu, moja weka chini kwenye friji, mawili weka juu kwenye barafu.

Nazi ndo inawaponza wengi. Mtu anapika sufuria zima la mbaazi za nazi Jumapili anajidanganya atakula mpaka Jumatano, Jumatatu jioni anafunua anakuta povu na harufu inampiga puani. Tui halingoji mtu. Kwa iyo kazi ndefu ya kuchemsha unaimaliza Jumapili, tui linaingia jioni ya siku ya kula, basi.

Na jioni yenyewe ni hivi. Nazi moja kuna, mwagia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kamua, hilo ndo tui zito liweke pembeni. Mwagia tena vikombe viwili kamua, hilo jepesi. Mbaazi zako tia sufuriani na tui jepesi, kitunguu, bilinganya kama ipo, chumvi, na pilipili mbuzi moja nzima usiipasue inatoa harufu tu. Ikichemka ikaanza kushikana ndo unamimina lile zito, moto mdogo, unakoroga taratibu umesimama hapo hapo usiende kuchungulia simu. Likianza kutokota tu epua. Ukiliachia lichemke kwa fujo linakatika, mafuta huku maji kule, na mtoto anajua.

Pamoja na kukuna ni dakika 25, nimewahi kuipima.

BintiMagomeni
Jumamosi saa 2:55 usiku

Bi mkubwa asante sana. Ndo nimetoka kuloweka saivi hivi. Ila swali, hiyo nazi kila jioni anakuna nani? Maana kwenye mbuzi nikikaa mi na huu mgongo wangu...

TuiZito
Jumamosi saa 3:04 usiku

Mi huwa nakuna nazi nne au tano kwa mpigo wikiendi, nagawa kwenye vimfuko vya nazi moja moja, nabana upepo nagandisha. Jioni natoa kimfuko namwagia maji ya moto kidogo nakamua. Inakuwa na utamu pungufu kidogo, sikatai, ila kwa mchuzi wa mbaazi au kisamvu hamna atakayekushtukia. Kwenye wali wa nazi ndo utaona tofauti.

BiShangani
Jumamosi saa 3:06 usiku

Nitaona mimi, wali au mbaazi. Ila kwa mwalimu mwenye watoto watatu nimeruhusu.

Mzee_wa_Salfa
Jumamosi saa 3:20 usiku

Samahanini lakini haya mambo ya kupika Jumapili mle wiki nzima ni ya watu wa Dar wenye foleni. Hapa Mtwara kutoka sokoni mpaka nyumbani bodaboda dakika tano. Mama yangu alizaa tisa, anatoka kwenye mikorosho jua linazama na tulikula ugali wa moto kila siku ya Mungu, kiporo tulikuwa tunapewa asubuhi na chai. Wanawake wa siku hizi mnapenda kulalamika tu.

BiShangani
Jumamosi saa 3:27 usiku

Kaka yangu nakuheshimu lakini hebu nijibu. Mama yako akitoka shamba, nani alikuwa ameshachota maji? Nani alikuwa ametwanga kisamvu? Kuni alikata nani?

Mzee_wa_Salfa
Jumamosi saa 3:49 usiku

Dada zangu wawili wakubwa na bibi mzaa mama.

Kijana_wa_Ligula
Jumamosi saa 3:50 usiku

Ameandika dakika ishirini na mbili sentensi moja 😂😂😂

Mzee_wa_Salfa
Jumamosi saa 3:58 usiku

Nilikuwa nakula.

MweraWaMingoyo
Jumamosi saa 4:15 usiku

Wakuu mi mwanaume na ndo mpishi wa nyumbani, sioni haya. Wife anafanya kazi za zamu, wiki akiingia jioni anarudi saa 3 usiku, mi nina duka langu dogo la vifaa vya ujenzi nafunga saa 11. Watoto wanne.

Nilichojifunza, wiki yenye mbio usipike chakula cha sikukuu. Watu wa pwani tumebarikiwa samaki halafu tunahangaika. Mi natoka dukani napitia ufukweni kwa wavuvi, nachukua vibua au tasi kulingana na mfuko, wananiparia palepale. Nyumbani chukuchuku. Samaki mpake ndimu na chumvi wakae wakati unakatakata, nyanya nne kitunguu viwili pilipili hoho na bamia kadhaa, vyote sufuriani na maji kiasi, vikichemka dakika kumi lala samaki wako juu, dakika kumi nyingine basi. Hamna mafuta hamna nazi. Wakati huo figa la pili lina ugali. Nusu saa watu wanakula na jasho linawatoka.

Na samaki akibaki usimwache kwenye mchuzi, mtoe mkaange akauke, kesho ni mboga nyingine kabisa.

Kuhusu mbaazi na maharage, mwaka juzi mtungi uliniishia tarehe mbaya, mfukoni hamna kitu. Nikakumbuka bibi yangu alikuwa anafunika chungu kwenye majani makavu na nguo kuukuu. Nikachemsha mbaazi zilizolowekwa, zimetokota nusu saa hivi, nikaepua na mfuniko wake bila kufunua, nikaingiza kwenye kapu kubwa la ukindu nililotandika blanketi kuukuu, nikazungushia lingine juu nikabana vizuri. Hiyo saa 1 asubuhi kabla sijafungua duka. Jioni saa 11 nafungua mvuke bado upo na mbaazi zimeiva zote. Tangu siku hiyo kapu lina heshima yake hapa nyumbani. Ukizitoa hakikisha zinachemka tena sawasawa kabla ya kuunga.

BintiMagomeni
Jumamosi saa 4:22 usiku

Kaka wewe ni wa kuigwa. Nimemsomea baba chanja hapa kwenye simu, yuko kwenye foleni ya kushusha mzigo, kasema "mwambie asituharibie soko" 😅

Kijana_wa_Ligula
Jumapili saa 1:30 asubuhi

Haya na mi nichangie kitu cha maana. Presha kuka ya umeme. Tumenunua ya lita sita kwa kulipa kidogo kidogo, imetoka kama laki na themanini jumla. Mbaazi zilizolowekwa dakika 20, zisizolowekwa dakika 40 hadi 45, na inajizima yenyewe. Umeme watu wanaogopa bure, sufuria moja la maharage haimalizi hata yuniti nzima, na yuniti hata ukiwa kwenye ile bei ya kawaida ni mia tatu hamsini na kitu. Linganisha na mkaa.

Shida ilikuwa mama mkwe. Alikuja kututembelea kutoka Nanyamba, ile inatoa mvuke akatoka nje na mtoto mgongoni akakaa chini ya mwembe mpaka ikanyamaza. Siku ya tatu akaanza kuuliza inauzwa wapi.

GesiYetu
Jumapili saa 1:52 asubuhi

Mi kinachoniuma ni kimoja, gesi imegunduliwa Mnazi Bay tangu 1982, bomba la kwenda Dar limeanza kufanya kazi 2015, na sisi wenye gesi bado tunapepea mkaa. Serikali imesema mpaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, sawa, ila waanzie kwa wenyeji basi.

Kijana_wa_Ligula
Jumapili saa 1:59 asubuhi

Mkuu hoja unayo ila usichanganye. Gesi ya Mnazi Bay ni methani, inakuja kwa bomba mpaka jikoni, sio inayojazwa kwenye mitungi yetu hii. Ya mitungi ni propani na butani inaletwa na meli kutoka nje. Ndo maana mtungi Mtwara hauna bei ya udugu. Turudi kwenye mbaazi.

KonaYaNewala
Jumapili saa 9:05 alasiri

Nyie wa chini huko mnaongelea muda, njooni juu huku kwetu uone shida inaitwa maji. Mwezi huu wa kumi mvua bado, bomba likitoka leo halitoki kesho, ndoo tunanunua. Kwa iyo mi nikipanga chakula cha wiki cha kwanza naangalia kinakula maji kiasi gani na kinachafua vyombo vingapi. Mambo ya ugali sufuria lake, mboga sufuria lake, samaki kikaango chake, hapana, sina maji ya kuosha hivyo vyote.

Ndo nikarudi kwenye mseto, watu wameusahau bure. Mchele vikombe viwili, choroko kikombe kimoja. Choroko hazihitaji kulowekwa wala kusubiriwa, chemsha peke yake nusu saa hivi mpaka zianze kupasuka, mimina mchele ulioosha, tui, chumvi, punguza moto funika. Sufuria moja, mwiko mmoja. Ukiwa na dagaa wa kukaanga pembeni au kachumbari mambo yameisha, kama huna hata mseto mtupu unaliwa. Wanangu wanagombea ukoko.

Yale maji ya kuoshea mchele na choroko yananywesha kuku na mche wa papai. Usimwage kitu huku juu.

TuiZito
Jumapili saa 9:20 alasiri

Mseto!! Bibi yangu Kilwa alikuwa anautia iliki. Leo leo naupika.

Mhudumu_wa_Afya
Jumapili saa 11:40 jioni

Nimesoma mawazo yote mazuri ila naomba niwe mnoko kidogo kwa sababu kazini naona wanaoletwa wanatapika usiku.

Wali. Watu mnaogopa nyama, wali mnauacha kwenye sufuria juu ya meza mpaka asubuhi na joto letu hili la mwezi wa kumi. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, wali ukikaa wa vuguvugu vinazaliana vinatoa sumu, na ile sumu hata ukipasha wali mpaka utoe moshi haitoki. Kwa iyo wali wa kesho usiuache upoe ndani ya sufuria lenye mfuniko. Upakue kwenye sinia utandaze upoe haraka, ndani ya saa mbili uwe kwenye friji. Asiye na friji apike wa kutosha leo tu.

Kisamvu nacho. Kinatwangwa kwanza ndo kinachemshwa, na kuna sababu, majani ya muhogo yana sumu, kutwanga kunaifungua na mvuke unaiondoa. Sasa nimeona watu mnaanza kukatakata tu na kisu mnarusha kwenye presha ili kuwahi. Msifanye hivyo. Kitwangwe au kisagwe vizuri, kichemke bila mfuniko ile saa ya kwanza. Hiyo ndo kazi ya Jumapili haswa, maana kikishaiva kinagawika na kugandishwa kama mbaazi za BiShangani.

Maharage mekundu kwenye lile kapu la blanketi yachemke kweli kweli dakika zaidi ya kumi kabla hujayafunika, usifunike yakiwa ya vuguvugu. Mbaazi hazina neno hilo. Nimemaliza unoko wangu.

BiShangani
Jumapili saa 12:02 jioni

Huyu binti aolewe mara mbili.

MamaMbanguaji
Jumapili saa 2:30 usiku

Jamani mnaongea nazi nazi mpaka sasa hamna aliyetaja korosho, na tuko kusini? Nimeshangaa.

Mi nafanya kazi ya kubangua korosho, niko Masasi. Vile vipande vinavyovunjika havipati bei kama nzima, wanaviuza rahisi. Chukua robo kilo, vioshe, loweka maji ya moto nusu saa, twanga au saga kwenye blenda na maji mpaka iwe kama uji mzito. Hiyo ndo unaungia kisamvu, majani ya kunde, mlenda, hata mbaazi. Kisamvu cha korosho ukishakila cha nazi unaanza kukiangalia kwa jicho la pembeni. Na vipande havina haraka kama nazi, vinakaa kwenye kopo wiki kadhaa, jioni unachukua konzi moja unaendelea.

Ila ziwe zilizobanguliwa tayari. Usimpe mtoto korosho yenye ganda agonge na jiwe eti anasaidia, yale mafuta ya ganda yanababua. Mi mwenyewe vidole vyangu mnaviona... basi hamvioni, ila vina makovu.

Mzee_wa_Salfa
Jumapili saa 2:44 usiku

Hapo kwa korosho umeongea. Mama yangu kisamvu alikuwa anaunga hivyo hivyo.

Kijana_wa_Ligula
Jumapili saa 2:45 usiku

Mama yako au dada zako wawili na bibi?

Mzee_wa_Salfa
Jumapili saa 2:51 usiku

We kijana nitakutafuta.

BintiMagomeni
Jumapili saa 3:33 usiku

Nimerudi na ripoti. Leo tumefanya kazi, yani wote.

Mbaazi kilo zimeiva, ziko makopo matatu. Kisamvu nimenunua kilichotwangwa tayari sokoni mafungu manne, kimechemka saa na nusu bila mfuniko kama dada alivyoagiza (harufu nyumba nzima). Nimekaanga vibua kumi na mbili. Na rojo la nyanya, hili hamkulisema ila nilifanya, nyanya sado nzima na vitunguu na kitunguu saumu kidogo, nimekaanga mpaka mafuta yakapanda juu, limeingia kwenye chupa ya jamu. Jioni nachota vijiko viwili tu mchuzi umeanza.

Kilichonichosha zaidi kuliko kupika ni kugombana kuhusu nani afanye nini. Mkubwa anasema ana mtihani. Wa kati anasema yeye ni mwanaume. Nikamwonyesha maneno ya MweraWaMingoyo, akasoma yote, akaniuliza huyu ni mtu kweli au we ndo umeandika. Mwisho amekuna nazi tatu. Vipande vingine vina ganda ndani ila zimekunwa.

Mpango nimebandika ukutani. Jumatatu mbaazi na wali, Jumanne kisamvu na ugali wa muhogo na vibua, Jumatano mbaazi tena na chapati za kununua, hapo nimekubali kushindwa sitaki mambo ya kukanda unga katikati ya wiki, Alhamisi chukuchuku, Ijumaa nitaona huko huko.

Na kingine ambacho najua wengine mtanisema. Nimeamua hatutakula wote kwa pamoja siku za kazi. Nilikuwa najitesa, nasubiri watu watimie tukae mkekani kama zamani, ndo mdogo analala na njaa. Kuanzia kesho yeye anakula saa 12 na nusu, aliyefika anakula naye, mwingine anawekewa. Tutakula pamoja Ijumaa na Jumapili.

BiShangani
Jumapili saa 3:41 usiku

Hilo la kula mbalimbali limenichoma kidogo, sitaficha. Sisi tumelelewa sinia moja, mkono wako na wa mwenzio. Lakini sinia la saa 4 usiku na mtoto amelala halina faida. Fanya hivyo mwanangu. Ila atakayekula peke yake mmoja akae naye, hata kama ameshashiba, aongee naye tu.

TuiZito
Jumapili saa 3:46 usiku

Na wakitoka shule njaa inauma kabla ya chakula, chemsha ming'oko, vile viazi vya porini, ukiipata, wale wauzaji wa pale Mnazi Mmoja njia panda wana mafungu makubwa. Mfungie kila mmoja kwenye begi. Inamenywa taratibu, mtoto anachelewa kuanza kulia njaa.

MweraWaMingoyo
Jumapili saa 3:50 usiku

Mwambie kijana wa kati mi ni mtu kweli. Nikija Mtwara kuchukua mzigo nitapita tukune nazi wote, tuone nani anamaliza kwanza.

KonaYaNewala
Jumatano saa 11:20 alfajiri

BintiMagomeni vipi, mbona kimya? Kisamvu kilipita?

BintiMagomeni
Jumatano saa 4:48 usiku

Nipo jamani, simu ilikuwa na baba watoto.

Jumatatu ilienda vizuri mpaka nikaogopa. Saa 12 na dakika 20 watu wanakula, mdogo akaomba aongezwe, alipomaliza akakaa na mkubwa wake akawa anamsomea herufi. Jumanne umeme ulikatika kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 3 usiku. Nikahofia makopo yangu, nikakumbuka kutolifunguafungua friji, yale ya juu yalikuwa bado jiwe. Kisamvu cha chini nikakichemsha chote usiku ule ule. Kilipita na vipande vya korosho vya MamaMbanguaji, nimevipata sokoni hapa hapa. Wa kati kasema kina ladha ya Idi. Sijui Idi gani hiyo ya kisamvu.

Leo sasa. Mkutano wa wazazi shuleni kwetu umenichelewesha, nimeingia saa 1 na nusu nimeshajikatia tamaa nawaza chipsi. Nafungua mlango harufu ya nazi inanipokea. Mkubwa kawahi kutoka masomo, katoa kopo la mbaazi, kamkunisha wa kati nazi, kakamua tui. Na amesimama na mwiko anakoroga, daftari la baiolojia liko juu ya mtungi wa gesi. Nikamuuliza umetia zito mwishoni? Akaniangalia kama nimemtukana.

Baba yao kaingia saa 4 kasoro, vumbi la Tandahimba mpaka kwenye kope. Nimempashia, nimekaa naye kama bi mkubwa alivyosema. Kala kimya, sahani ya pili, ndo anauliza, mbaazi hizi umezipika saa ngapi na we leo umechelewa? Nikamwambia nimeanza Jumapili. Akacheka akajua namtania.

Kijana_wa_Ligula
Jumatano saa 4:53 usiku

Safi sana. Swali dogo tu, vyombo kaosha nani?

BintiMagomeni
Jumatano saa 4:55 usiku

Viko kwenye karai. Nendeni mkalale.